Banda Alilolijenga Timazi

Mtaani walimwita Timazi, kwa ajili ya kile kipande cha chuma chenye ncha ambacho waashi hukining'iniza kwenye uzi kujua kama ukuta umesimama wima au umelewa. Alikuwa nacho mfukoni hata siku za kwenda msibani. Akifika kwa watu, kabla hajakaa, jicho lake hupanda na kushuka kwenye kona za nyumba, na kama kona imekosea, mwenye nyumba ataambiwa, awe amefiwa au hakufiwa. Wengi walijifunza kumkaribishia uani.

Nyumba nyingi za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyopata ufa. Yeye mwenyewe na mkewe walikaa katika nyumba aliyoachiwa na baba yake, iliyojengwa na fundi mmoja aliyekufa zamani, ambaye Timazi aliendelea kugombana naye kila asubuhi akipiga mswaki. Ukuta wa sebuleni ulikuwa na tumbo. Milango haikufunga ikafika mwisho, na upepo uliingia na kutoka bila hodi.

"Hebu angalia kazi ya huyu bwana," Timazi husema.

Mkewe alikuwa ameiangalia tangu alipoolewa. Kila mwaka aliahidiwa nyumba mpya, na kila mwaka alitokea mtu mwingine mwenye haraka zaidi. Kinyozi hajinyoi, watu husema, kisha hukatiza hapo. Methali ina nusu ya pili, kwamba akijinyoa hujikata, ila hiyo hakuna anayependa kuimalizia mbele ya kinyozi mwenyewe.

Mgongo ulipogoma, Timazi akaacha kazi. Wakati huohuo mkewe naye alistaafu upishi wa shule, na wa mwisho wa watoto akaolewa mbali. Asubuhi moja, akimmiminia mumewe chai, mama akasema jambo lake.

"Baba watoto, mimi nataka kuku."

"Kuku wa nini?"

"Wa mayai. Lakini hasa wa kunipigia kelele. Nimezoea kulisha watoto shule nzima, sasa nakulisha wewe peke yako, na wewe ukila hata hunyanyui uso."

Timazi alinyanyua uso. Hakusikia habari ya kelele wala ya uso. Alisikia kwamba panahitajika banda. Akaiacha chai, akatoka uani kupima, na kuanzia hapo hakumuuliza mkewe kitu kingine chochote kuhusu kuku.

Alichimba msingi ambao ungebeba ghorofa. Akamwaga zege, akasimamisha nguzo za nondo kwenye kona na katikati, akapanga matofali ya saruji, akazungusha lenta, ule mkanda wa zege unaobeba paa, akapiga lipu ndani na nje. Juu akafunika kwa bati jipya. Madirisha alitoboa mawili tu, juu kabisa, ya ukubwa wa madirisha ya choo, kwa sababu kwa fikra zake dirisha ni udhaifu wa ukuta. Mlango ukawa wa mbao nzito wenye komeo. Mgongo uliokuwa umegoma kwa kazi za watu ulisahau kabisa mgomo wake.

Ng'ambo ya barabara shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Huyu alikuwa na ulimi usio na breki, jambo la aibu kwa mtu wa kazi yake. Alivuka barabara akasimama mbele ya jengo, akalizunguka, akarudi aliposimama mwanzo.

"Shemeji, hawa kuku wamehukumiwa miaka mingapi?"

"Nenda kazibe pancha."

"Naenda. Nauliza tu siku za kuwatembelea."

Mama alipokabidhiwa ufunguo hakucheka. Aliingia ndani, akapapasa lipu kwa kiganja kutoka kona hadi kona, laini kama sahani, akaanza kulia. Timazi akageukia ukutani akajifanya anakagua lenta. Alifurahi mpaka akashikwa na aibu. Maisha yao yote alikuwa amempa mwanamke huyu ahadi, na sasa kuna kitu kilichosimama ambacho angeweza kukigusa.

Kuku waliletwa msimu wa baridi. Ndani ya kuta zile walinenepa wakawa wekundu wa kung'aa, wakaanza kutaga bila kusukumwa. Mama aliwasalimia kila asubuhi na wao walimjibu wote kwa pamoja, kwa kelele aliyokuwa ameikosa. Mmoja alimpa cheo, akamwita Mkaguzi, maana alikuwa na tabia ya kumfuata mtu, kuinamisha kichwa, na kumtazama kwa jicho moja kama anayetafuta kosa. Timazi hakumpenda. Wakaguzi alishawaona wengi maishani.

Kisha likaja joto.

Lilianza kama majira yote ya joto, watu wakilalamika kwa mazoea, halafu wakaacha kulalamika kwa sababu kulalamika kulitoa jasho. Bati likawa linapiga kelele lenyewe mchana kwa kutanuka. Ndani ya banda kuku waliacha kugombana. Walisimama mbali mbali, mbawa zimeachana na mwili kama mtu aliyejipaka dawa kwapani, midomo wazi, koo zikitetema. Chakula kilibaki. Maji yaliisha. Mayai yakaja na maganda membamba, mengine yakipasuka mkononi kabla hayajafika kwenye bakuli. Halafu mama akafungua mlango mchana mmoja, akamkuta kuku amelala ubavu, miguu imenyooka.

Timazi alifungua uchunguzi. Alionja chakula cha kuku, akasema kina chumvi. Akanusa maji. Akamtilia shaka jirani wa nyuma, aliyewahi kukataa kuambiwa habari za kona zake. Alitazama kila kitu isipokuwa ukuta, na alipomaliza akatoa hukumu kwamba kuku wa siku hizi ni wavivu. Mkewe alisikiliza hukumu hiyo akiwa ameinamia sufuria.

Kuku wengine walipofuata, mama akamwita bwana mifugo. Alikuwa kijana mpole wa miwani. Aliingia bandani na miwani ikafunga ukungu hapohapo, akatoka haraka kuliko alivyoingia, akaifuta kwa shati.

"Mzee, nyumba ni nzuri mno," alisema. "Ningepangishiwa mimi ningehamia kesho."

"Asante."

"Ila kuku hatoki jasho. Mimi na wewe tukipata joto, ngozi inalia maji, tunapoa. Kuku hana hilo. Ana mdomo wa kuhemea na upepo wa kumpitia chini ya mbawa, basi. Humu upepo hauna pa kuingilia. Wanahema mpaka moyo unachoka. Huu ukuta mrefu, mzee, uvunje, ubaki chini kidogo tu, huku juu weka waya. Na huo wa upande wa pili vilevile."

Shemeji, aliyekuwa amevuka barabara kwa shughuli isiyojulikana, alitazama chini.

"Wewe umesomea ujenzi au kuku?" Timazi aliuliza.

"Kuku, mzee."

"Basi zungumza na kuku."

Bwana mifugo hakukasirika. Alimweleza mama kwamba kwa sasa awalishe alfajiri na jioni, mchana awaache matumbo matupu kwani kusaga chakula nako huleta joto, na maji yawe ya baridi muda wote. Akaaga kwa heshima. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la mama lilisikia yote.

Siku iliyofuata Timazi akaamua kuonyesha kwamba joto linatibika bila kugusa tofali. Alichukua ndoo za maji akawamwagia kuku, akamwagia sakafu, akamwagia maranda waliyotandikiwa, kisha akafunga mlango ili ubaridi usitoroke. Ubaridi haukuwa na haja ya kutoroka kwa sababu haukuwahi kuwemo. Banda likawa kama sufuria ya wali iliyofunikwa, na jioni mama akatoa mizoga kwa karai. Aliifukia mwenyewe nyuma ya nyumba. Timazi alijitolea kushika jembe, akaambiwa apumzishe mgongo.

Tangu siku hiyo mambo madogo ya ajabu yakatokea nyumbani. Mchana mmoja Timazi alijinyoosha kitandani apumzike, akasikia chini ya kitanda mtu anakohoa kidogo. Akainama. Kuku walikuwa wamejipanga ukutani, kwenye sakafu baridi, na Mkaguzi katikati yao akamtazama kwa jicho moja.

"Mama watoto! Kuku hawa chumbani wanafanya nini?"

"Wanaumwa macho," mkewe alijibu kutoka jikoni.

"Wote?"

"Yanaambukiza."

Timazi alifikiri kidogo, akaona jibu limekamilika, akageukia ukutani akalala. Mtu akitaka kuamini kitu, hata uongo usioshonwa vizuri humwenea.

Lakini chini ya kitanda hapakutosha kuku wote, na chumba chenyewe hakikuwatosha. Mama akawa anawachagua, waliochoka zaidi ndio waingie, na kila mchana alibaki mlangoni mwa banda akiwatazama aliowaacha. Alianza kukonda. Salamu za asubuhi zilipungua sauti, upande wa kuku na upande wake. Usiku mmoja alimwambia mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba waliobaki atawagawa kwa watu. Alisema amechoka kufukia. Timazi akamwambia asubiri, joto litapita. Alipogeuka upande wake hakupata usingizi, maana alijua kwamba kuku wakiondoka banda litabaki tupu uani, zuri, wima, na kila atakayeingia ataliona na kuuliza.

Siku aliyokwenda mama kuzungumza na watu wa kuwachukua, jua liliamka na hasira. Aliwaacha kuku wote bandani, kwa kuwa alitarajia kuwahi kurudi. Mchana Timazi alikuwa barazani kwa shemeji yake, miguu ndani ya beseni la maji lililokuwa la kutafutia pancha.

"Dada amekonda," shemeji alisema. Safari hii hakuwa na utani.

"Ni joto."

"Ni banda."

"Banda lile halina kosa. Hakuna tofali lililokaa upande. Mimi ningeweza kuishi mle."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, shemeji. Wewe umelijenga, hujakaa. Mlango unafunguliwa, unachungulia, unafunga. Kaa."

Timazi akatoa miguu kwenye beseni. Alikwenda nyumbani, akachukua kigoda na redio ndogo, akaingia bandani, akafunga mlango kama unavyofungwa siku zote. Aliweka kigoda katikati, akaketi, akawasha redio. Alipanga kukaa mpaka taarifa ya habari iishe, kisha atoke amwambie shemeji yake afunge domo.

Mwanzoni alistarehe. Alitazama kuta zake kwa mwanga hafifu uliotoka madirishani na akaziona nzuri. Halafu akatambua kwamba redio inasema na yeye haelewi. Hewa ilikuwa nzito, yenye harufu kali ya kinyesi iliyomchoma machoni, na haikusogea hata kidogo. Bati lilimshushia joto utosini. Alifungua vifungo vya shati. Akalivua. Jasho lilimtiririka mgongoni, likajaa kiunoni, na kila lilipopita akapata nafuu kidogo. Akajipangusa uso kwa kiganja na kiganja kikalowa.

Hapo akawaona kuku.

Hawakumkimbia. Siku nyingine mtu akiingia hupiga kelele na kujirundika kona moja. Leo walisimama walipo, mbawa nje, midomo wazi, wakihema kwa haraka isiyopumzika, na wengine walikuwa wamebandika vifua ukutani, penye lipu lake, wakitafuta ubaridi ambao lipu halikuwa nao. Timazi naye alikuwa ameachama mdomo akihema vilevile kama wao. Tofauti ilikuwa mkononi mwake. Yeye alikuwa na jasho la kufuta, wao hawakuwa na kitu cha kufuta.

Mkaguzi alikuja taratibu, akiyumba. Ule upanga wa kichwani uliokuwa mwekundu ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau iliyochakaa. Alifika kwenye mguu wa Timazi na hakuinamisha kichwa kumkagua. Aliegemea tu, kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi. Timazi alishusha mkono akamgusa kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia mpaka vidole vyake vikatetema, kisha ukaruka pigo, ukakimbia tena, ukaacha. Shingo ikalala juu ya kidole cha mguu wake. Redio iliendelea kutangaza.

Timazi alilia. Hakulia kwa ustaarabu wa mtu mzima, alilia kwa sauti, akiwa kifua wazi juu ya kigoda, na hakuna aliyemsikia isipokuwa wale ambao hawakuwa na pumzi ya kushangaa. Alijua sasa. Hakuna jirani, hakuna chumvi, hakuna uvivu. Alikuwa amejenga kitu imara kiasi kwamba uhai haukuweza kupita.

Akasimama, akafungua mlango. Hawakuwa na nguvu ya kutoka, basi akawabeba, na hakuwabeba kwa miguu vichwa chini kama wabebavyo wauzaji, aliwakumbatia kifuani wawili wawili, polepole, akawaweka sebuleni kwa yule fundi marehemu, palipopita upepo kutoka kila mlango usiofunga. Aliwawekea maji. Walipoanza kunywa, alikaa nao kidogo akatazama ule ukuta wenye tumbo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumwambia yule bwana.

Kisha akafuata nyundo na tindo.

Ukuta ulikataa. Alipiga, ukamrudishia nyundo mkononi. Alikuwa amechanganya vizuri, saruji kamili, hakuiba hata kijiko, na sasa uaminifu wake wote ulisimama mbele yake. Alipiga tena palepale kati ya nguzo na nguzo, chini ya lenta, ili paa lisikose pa kukaa. Lipu likatoka kipande, kisha tofali la kwanza likapasuka, likaangukia ndani. Shemeji alikuja mbio akidhani mzee amepatwa na wazimu wa jua. Alisimama mlangoni, akamwona Mkaguzi amelazwa kivulini juu ya shati, akarudi kimyakimya kwenye kibanda chake na kuleta sururu.

Walikuwa wamefungua nafasi ya kupitisha mtu mama aliporudi. Alisimama getini na mfuko wake. Aliona vumbi, aliona tundu, alimwona mumewe kifua wazi, mweupe kwa lipu kuanzia kichwani. Mfuko ukamtoka mkononi.

"Unafanya nini? Baba watoto, unafanya nini? Acha!"

Akaja mbio, akasimama kati ya nyundo na ukuta, mikono ameitandaza, kama anayemlinda mtoto asipigwe.

"Linaua kuku wako," Timazi alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Najua tangu joto la kwanza. Kabla hata ya bwana mifugo."

"Sasa mbona hukuniambia? Unazika tu, unazika tu, unaficha kuku chini ya kitanda, umekonda. Mbona hukusema?"

Mama alishusha mikono. Alitazama lile tundu, akagusa ukingo wake uliovunjika.

"Ningesemaje? Maisha yote umejengea watu. Hili ulinijengea mimi."

Shemeji aligeuka akatafuta kitu cha kufanya na sururu. Maneno hayo yalimwingia Timazi mahali ambapo nyundo isingefika, na yalimuuma kwa sababu hayakuwa lawama. Alikuwa amemtazama mwanamke huyu akifukia kuku mmoja mmoja ili yeye asiaibike, na yeye alikuwa amekubali. Alijipangusa uso, akaupaka tope.

"Naomba unisamehe," alisema hatimaye.

"Nimekusamehe. Vaa shati."

"Lina kuku."

Mama akaenda kivulini, akalifunua shati, akakaa kitambo amechuchumaa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara. Akauliza kuku waliobaki wako wapi, akaambiwa sebuleni, akachungulia dirishani kuwaona. Baadhi walikuwa wamefunga midomo.

Timazi alikuwa bado amesimama na nyundo, anamsubiri. Alijenga kwa matajiri na kwa maskini, kwa shule na kwa maduka, na kwa kila mmoja alianza kazi kwa swali moja ambalo hata mwanafunzi wa uashi hulijua. Alikuwa hajawahi kumuuliza mkewe. Akakohoa vumbi.

"Mama watoto, wewe ulikuwa unatakaje?"

Mama alimtazama kama mtu anayehakikisha kwamba kweli ameulizwa.

"Mimi nilitaka niwe nawaona nikiwa jikoni," alisema. "Basi. Niwe napika na wao nawaona."

Timazi akapima kwa jicho kutoka mlango wa jikoni hadi bandani. Ukuta wa upande ule ndio aliouchanganyia saruji nyingi kuliko zote. Akauzunguka, akapiga goti na mgongo wake mbovu, akaweka tindo chini, pale alipotaka ukuta ubakie, na mkewe akakunja mikono ya gauni, akamshikia tindo.